Mwiko Kwanza: Kuanza Kuchonga Mbao Baada ya Kustaafu

Mtumishi wa umma hapa Kenya hustaafu akitimiza miaka 60. Siku ya kuagwa kuna hotuba, kuna blanketi, mara nyingine kuna mbuzi. Jumatatu inayofuata unaamka saa kumi na moja alfajiri kama ulivyozoea, unavaa viatu, kisha unakumbuka huna pa kwenda. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwa miaka 31. Wiki ya pili ya kustaafu nilijikuta nikihesabu sufuria za jikoni na kuandika idadi yake kwenye daftari, hadi mama watoto akaninyang'anya lile daftari na kuniambia nitafute kazi ya mikono kabla hatujakosana.

Kazi niliyoipata ni kuchonga mbao, na huu ni mwaka wangu wa 6. Makala haya yanaeleza jinsi mkazi aliyestaafu, au anayekaribia kustaafu, anavyoweza kuianza bila kuumia na bila kumaliza akiba yake. Si lazima uwe umewahi kuwa seremala. Si lazima uwe mwanamume pia. Kwetu wanaume ndio waliochonga, na kina mama wakasuka vyondo na kupiga msasa sanamu za waume zao, lakini sijasikia sheria inayomkataza mama kushika tezo.

Wamunyu ni jirani

Wakazi wa Machakos tuna bahati ambayo wengi hatuitumii. Wamunyu, katika kaunti ndogo ya Mwala, ndiko uchongaji wa kuuza wa Wakamba ulikoanzia. Wazee wetu walikuwa wakichonga tangu zamani: mizinga ya nyuki, vinu, pinde, na vile vigoda vya miguu mitatu vilivyotiwa nakshi ya waya ambavyo mzee alikwenda navyo barazani. Lakini hivyo vilikuwa vyombo vya kutumia. Sanamu za kuuza zilikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alikuwa amepelekwa Tanganyika wakati wa vita, na huko akakutana na uchongaji wa sanamu wa watu wa kule. Aliporudi nyumbani akaanza kuchonga na kuuza, akawafundisha jamaa zake, nao wakawafundisha majirani. Kutoka hapo kazi ikaenea hadi Nairobi na Mombasa, ambako mwaka 1963 wachongaji waliunda chama cha ushirika cha Akamba Handicraft.

Nataja historia hii kwa sababu moja. Mutisya hakuzaliwa akichonga sanamu. Alijifunza akiwa mtu mzima, kwa kuwatazama watu waliojua. Nenda Wamunyu, omba ruhusa, kaa chini ya kibanda utazame. Mimi nilikaa siku 4 kabla sijaguswa na wazo la kuomba kushika chombo. Fundi aliyenikubali ana miaka 39. Kitinda mimba wangu ni mkubwa kwake. Ananiita mzee, mimi namwita mwalimu, na tumezoea hivyo.

Pesa ya kiinua mgongo iache benki

Mwenzangu mmoja alistaafu mwaka mmoja nami. Alichukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo akanunua mashine ya kukereza, msumeno wa umeme na jenereta, akajenga na kibanda cha mabati. Hakuwa amewahi kuchonga hata kijiti cha kuchokolea meno. Leo kuku wanatagia chini ya ile mashine.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: tezo moja, ile ambayo Wakamba huiita ngomo, kisu kifupi chenye mpini mnene, msumeno mdogo wa mkono, tupa, jiwe la kunolea, na msasa wa namba 3, yaani 80, 120 na 240. Patasi zitafuata baadaye, ukishajua unazitaka za nini. Tezo usinunue dukani. Nenda kwa mhunzi wa jua kali akutengenezee bapa kutokana na springi ya gari kuukuu, kwa sababu chuma hicho hushika makali. Mpini utauchonga mwenyewe, au fundi wako atakuonyesha. Uliza bei kwa wahunzi 2 au 3 kabla ya kulipa. Ukiona jumla ya vifaa vyako inakaribia pensheni ya mwezi mzima, kuna kitu umenunua ambacho hukihitaji.

Mti upi

Sanamu nyingi za zamani zilichongwa kwa mpingo na muhugu. Hiyo ni miti migumu, mizuri, na inayokua polepole mno. Mti unaokatwa leo huenda ulianza kuota kabla ya babu yako kuzaliwa, na ndiyo sababu imekuwa haba. Biashara ya mpingo kuvuka mipaka ya nchi imewekwa chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mwaka 2017. Katika miaka ya 1990 shirika la WWF na wenzake walianza kuwahimiza wachongaji wa Kenya watumie miti inayokua haraka na inayopandwa mashambani: mwarobaini, mwembe, jakaranda. Wengi walisita mwanzoni kwa kuwa wateja walizoea mbao nyeusi. Leo ukiingia kibandani utakuta mwarobaini na jakaranda pande zote.

Kwa mstaafu anayeanza, jibu liko uani. Tawi nene la mwembe lililovunjika kwa upepo, mpera uliozeeka, mchungwa uliokauka. Usianze na mpingo hata ukipewa bure. Ni mgumu kama jiwe, utakuumiza mkono, na vumbi lake huwasha ngozi na pua.

Kwa chombo cha jikoni kuna tahadhari mbili. Mwarobaini mbichi ni mchungu. Mwiko wangu wa kwanza niliuchonga kwa mwarobaini, na ugali wa siku ile ulilika kwa heshima tu. La pili ni zito zaidi: usichonge chombo cha chakula kutokana na mti usioujua, hasa unaotoa utomvu mweupe. Sisi ni watu ambao wazee wetu walipika sumu ya mishale kutokana na mti unaoota katika vichaka vyetu hivi hivi. Kama huna uhakika wa jina la mti, muulize mtu mzima wa kijiji. Akisita kujibu, uache.

Na hata mti ukiwa wako, kabla ya kuukata au kubeba magogo barabarani, pita kwanza ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, iliyo karibu nawe. Kusafirisha mazao ya misitu kunahitaji kibali, na polisi wa kizuizini hatataka kusikia kwamba wewe ni mstaafu.

Jambo ulilo nalo ambalo kijana hana

Mbao mbichi ina maji mengi. Ikikauka hunywea, na ikikauka haraka hupasuka. Umewahi kununua sanamu ya twiga, baada ya miezi michache shingo ikawa na ufa? Fundi hakukosea mkono. Alichonga mbao mbichi kwa sababu karo ilikuwa inadaiwa na hakuweza kusubiri. Mwalimu wangu huniambia waziwazi: "Mzee, mimi najua inapaswa kukauka. Lakini mwenye nyumba hajui."

Wewe unaweza kusubiri. Pensheni inaingia mwisho wa mwezi, mti ukauke usikauke. Kwa hiyo fanya lile ambalo mchongaji wa kibandani hana nafasi ya kulifanya.

Pasua gogo katikati kwa shoka na kabari likiwa bado bichi, na uondoe kile kiini chembamba laini kilicho katikati kabisa, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Paka ncha mbili za kila kipande nta au rangi kuukuu, kwa kuwa maji hutoka haraka zaidi nchani. Panga vipande kivulini, penye hewa lakini si penye upepo mkali, ukiweka vijiti kati yao visigusane. Visiguse ardhi pia, la sivyo mchwa watakushukuru.

Utajuaje kimekauka? Kipime. Nenda na kipande dukani kila baada ya wiki 2, omba mzani, andika uzito wake kwa penseli kwenye kipande chenyewe. Mwanzoni uzito utashuka sana, kisha kidogo kidogo. Ukipima mara 3 mfululizo na namba haibadiliki, kimekauka. (Hapa ukarani wangu wa stoo ulinifaa hatimaye. Nina vipande 47, kila kimoja na tarehe yake.) Kipande chembamba huchukua miezi michache; gogo nene la sanamu huweza kuchukua mwaka na zaidi.

Somo: mwiko wa ugali

Anza na mwiko wa kusongea ugali. Ni bapa, hauna shimo la kuchimba, na nyumba yoyote inauhitaji. Pia mwiko haudanganyi: ukiwa na kasoro, anayesonga ataijua kabla yako.

Mwiko ni mwembamba, kwa hiyo unaweza kuuanza ukiwa mbichi, wakati mbao ni laini, kisha ukaumalizia ukiwa mkavu. Kata kipande chenye urefu wa sentimita 40, upana wa 8 na unene wa 3. Kitazame kwanza upande mrefu. Utaona nyuzi za mti zimekwenda kama maji ya mto. Unataka ziwe zimenyooka kutoka ncha hadi ncha, hasa mahali pa shingo. Kama zinakatiza shingoni kwa mshazari, mwiko utavunjikia hapo siku ya wageni. Tafuta kipande kingine.

Chora umbo kwa penseli pande zote 2. Kwa msumeno, kata mipasuo midogo kila upande wa shingo, isifike kwenye mstari uliouchora. Iache kama milimita 2 kabla yake. Mipasuo hiyo ni kama matuta ya barabarani. Banzi likianza kukimbia litasimama hapo badala ya kuendelea hadi kwenye bapa la mwiko.

Sasa tezo. Kaa kwenye kigoda, weka mbele yako gogo fupi lililosimama imara, lenye kimo cha magoti. Simamisha kipande juu ya gogo, mkono wa kushoto ukikishika juu kabisa, na tezo ifanye kazi chini ya mkono huo, ikielekea kwenye gogo. Tezo haielekei kamwe kwenye mkono, goti wala mguu. Kila pigo liwe dogo. Anayeanza hupiga kwa bega kama anayepasua kuni. Mwalimu wangu alinifunga mkono wa juu na shuka kwenye mbavu asubuhi nzima, nikabaki na kiwiko na kifundo tu, hapo ndipo nikaelewa. Uzito wa tezo ndio unaokata. Mkono wako unaielekeza tu.

Kuna kanuni moja ambayo ukiishika umepata nusu ya ufundi: chonga ukitoka penye unene kuelekea penye wembamba. Kwenye mwiko, anza kwenye bega la bapa na uteremke kuelekea shingoni. Kisha geuza kipande, anza kwenye mpini na uteremke kuelekea shingoni. Ukipandisha kutoka shingoni kwenda begani, makali yataingia kati ya nyuzi na kurarua banzi refu ambalo hutaweza kulirudisha. Nilirarua miiko 5 kabla sheria hii haijaingia mkononi. Kichwani ilikuwa imeingia siku ya kwanza.

Ukishapata umbo, liache nene kidogo kuliko unavyotaka, zidisha kama nusu sentimita kila upande. Liweke kwenye gunia pamoja na vibanzi vyake lenyewe, ulifunge, uliache kivulini wiki 3. Vibanzi hushika unyevu na kuuachia polepole. Kisha litoe, lipime kama nilivyoeleza, na likishakauka limalizie kwa kisu. Kwa kisu, dole gumba la mkono unaoshika mwiko ndilo linalosukuma mgongo wa kisu. Mwendo ni mfupi kama wa kumenya embe.

Msasa ni wa mwisho, wala si dawa ya kisu kibaya. Anza na 80, nenda 120, kisha 240, ukifuata nyuzi na si kuzikatiza. Halafu lowesha mwiko kwa maji, uuache ukauke. Utashangaa: uso uliokuwa laini umeota manyoya. Piga tena msasa wa 240. Rudia mara moja. Usipofanya hivi, manyoya hayo yataota ndani ya sufuria.

Kupaka, usitumie rangi ya viatu. Wachongaji huitumia kwenye sanamu na hakuna ubaya, lakini si kwenye chombo cha chakula. Ukambani tuna asali na kwa hiyo tuna nta. Anika mwiko juani hadi upate joto, usugue kwa nta ya nyuki, uufute kwa tambara safi. Mafuta ya kupikia epuka, maana hukaa ndani ya mbao yakachacha na kunuka.

Mwili wa miaka 60

Nilipokuwa kijana kidonda kilipona kwa wiki. Sasa si hivyo, na wengi wetu tunameza dawa. Kama una kisukari, au unatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, mwambie daktari au muuguzi wa zahanati kwamba unaanza kazi ya makali, uulize na kuhusu chanjo ya pepopunda. Miwani ya kusomea haikingi jicho dhidi ya kibanzi. Funga kitambaa au barakoa puani wakati wa msasa, kaa nje, upepo ukitoka nyuma yako. Kiatu kiwe cha kufunika vidole. Makubadhi yaache mlangoni.

Noa kabla ya kuanza na unoe tena katikati. Makali butu ndiyo huumiza watu, kwa sababu unalazimika kutumia nguvu na chombo kinateleza. Mimi huchonga saa moja hadi saa tatu asubuhi, basi. Vidole vikianza kufa ganzi nasimama hata kama banzi moja tu limebaki. Kovu nililo nalo kwenye kidole cha shahada ni la banzi moja lililobaki.

Kuhusu kuuza

Hapa niliteleza, na ningependa mwenzangu asiteleze. Mwaka wa pili nilikuwa na miiko mizuri ipatayo 20. Nikaipeleka sokoni nikaiuza kwa bei ya chini kabisa, karibu kutoa bure, kwa kuwa kwangu ilikuwa furaha tu. Ikaisha kabla ya adhuhuri. Nikarudi kibandani nikijisifu.

Mwalimu wangu hakusema kitu hadi tulipobaki wawili. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mzee, pensheni yako ni ya kila mwezi?"

Nikasema ndiyo.

"Mama mmoja amekuja hapa saa nane. Ameniambia mwiko sasa ni bei ile yako. Mimi na watoto wangu watatu tunakula kutoka kwa mwiko."

Nilikosa la kujibu. Nilimwomba radhi, na wiki iliyofuata nikamwomba yeye ndiye anipangie bei. Tangu siku hiyo siuzi chini ya anavyouza yeye. Kinachozidi nawapa jamaa, harusi na shule ya msingi ya kijijini. Kwa maoni yangu, mstaafu anayelipwa pensheni hana haki ya kuharibu soko la mtu anayeishi kwa tezo. Akitaka kushindana, ashindane kwa mbao iliyokauka vizuri na kazi isiyo na ufa, auze ghali kidogo, amwachie kijana kazi ya haraka.

Njia nyingine ni kuingia chama cha ushirika cha wachongaji. Humo mwanachama huweka kazi zake pamoja na za wengine, zikitambulika kwa nambari yake, na chama hubaki na sehemu ya mauzo. Soma masharti kabla ya kulipa kiingilio, uulize malipo hutolewa lini baada ya kitu kuuzwa.

Wapi pa kuanzia wiki hii

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini, vyama vya ushirika na shughuli za utamaduni viko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo huna haja ya kusafiri hadi Nairobi kuuliza. Pita ofisi ya kaunti ndogo yako, umwone afisa wa utamaduni au wa ushirika, umuulize ni fundi gani au kikundi gani kilicho karibu kinachopokea wanafunzi. Ukienda chuo cha ufundi, usione haya kukaa na vijana wa miaka 18. Watakucheka siku ya kwanza, siku ya pili watakuomba uwashikie simu.

Ukienda kumwona fundi, usiende mikono mitupu na usianze na maswali ya bei. Beba gogo. Kipande cha mwembe au mpera kilichokatwa juzi, ncha zimepakwa nta, tarehe na uzito vimeandikwa kwa penseli. Ataligeuza mkononi, atasoma ile namba, na atakuuliza ulijulia wapi kupima.